Mkono Kwenye Picha

Duka letu mtandaoni lilikuwa giza:
picha za usiku, chini ya balbu moja,
bei imefichwa kama deni.
"Uliza," tuliandika. Nani aulize?

Jumapili, Masaka, kabla jua halijawa kali,
Nabukenya akautoa mchoro wa gome la mutuba,
akauegemeza ukutani, nje ya jiko.
Nikafuta maneno yote ya kujisifu.
Nikaandika: sentimita arobaini kwa sitini.
Laki mbili na nusu. Nauli ya basi hadi Kampala imo.

Bado ukubwa haukuonekana.
Basi mama akaushika pembeni,
kucha zake zina udongo wa mihogo.

Jumanne simu ikalia: umenunuliwa.
Na chini ya malipo, swali:
huo mkono nao mnauza?

Mama alicheka hadi akakaa.
"Huo," akasema, "mwandikie: uliza."