Laki Nane na Nusu

Isevya, karakana ya fundi Mihayo,
vumbi la mninga linatuingia puani kama ugoro.
Mume wangu anapapasa ubao, haulizi bei.
Mwenye daftari ni mimi:
laki nane na nusu,
na hapo sinki bado.

"Weka mninga mtupu," fundi anasema, "utawarithisha wajukuu."
Wajukuu watakula nini, nikamuuliza,
milango?

Tukapatana: mninga mbele, panapoonekana,
ndani paini, mgongoni ukuta wenyewe.
Droo moja. Ya pili nimeichora kwa chaki,
nitaivuta mwaka ambao tumbaku italipwa mapema.

Marumaru nyeusi niliigusa dukani,
baridi, laini, kama mkono wa mtu
anayekusalimu huku akiangalia pembeni.
Nikairudishia mfuniko wake wa boksi.
Juu tukamwaga zege,
tukasugua kwa jiwe na maji, siku tatu,
mpaka kokoto zikatoa macho.

Jumapili mama mkwe akaja kukagua.
Miaka hamsini Kalunde amepika ameinama.
Akaweka viganja juu ya zege, akaegemea.
Hakusifu.
Aliomba kisu na kitunguu.