Robo Alama

Saa kumi alfajiri wanaanza,
nami nishatia maji kwenye unga.
Kati yetu ni ukuta wa plaiwudi,
kila jibu lazima lipitie jikoni.

Mji mkuu wa Mongolia? Ulan Bator.
Mifupa ya mtu mzima? Mia mbili na sita.
Nani hutia saini noti ya rupia moja?
Hapo kimya, kisha vurugu:
huyu anasema gavana wa benki, yule anaapa sivyo,
nami nageuza chapati nikisema moyoni, katibu,
katibu wa fedha,
nililisikia kwa wavulana wa kabla yenu.

Sijui kusoma. Penye jina la Phulmati naweka dole gumba.
Ila miaka kumi na tisa ya masikio haiendi bure.

Kiingereza ndicho kinachowatoa jasho.
Wanafundishana: lile neno la tangu hushika mwanzo,
lile la kwa muda hushika urefu.
Nikaipima kanuni kwa maisha yangu, ikakaa:
niko Patna tangu mafuriko yaliyobeba ng'ombe wetu wawili,
niko jikoni hapa kwa muda wa wavulana mia na kitu.

Halafu kauli ya kutendwa.
Mpishi alipika dengu. Geuza.
Dengu zilipikwa na mpishi.
Mwalimu wao, ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka, akaongeza:
mtendaji asipokuwa na umuhimu, mwacheni.
Dengu zilipikwa.
Nikasikia kalamu kumi na moja zikiandika.

Awdhesh alikaa chumba cha juu, chini ya bati.
Ametoka Sitamarhi; shamba la miwa la baba yake liko rehani.
Ukutani ramani ya dunia, kona imeliwa na mchwa,
New Zealand haipo tena.
Mtihani wa reli aliufanya mara tano.
Nafasi mia tatu, waombaji laki nane:
hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Sheria yao ni hii: jibu sahihi, alama moja.
Jibu baya, unakatwa robo.
Ukiacha wazi, hukatwi kitu.
Basi wanajifunza pia kutojibu,
kulitazama swali, kumeza mate, kupita.
Nilidhani ufundi huo ni wangu peke yangu.
Shemeji aliuliza habari za sehemu yangu ya nyumba,
nikapita.
Binti yangu aliuliza kwa nini yeye hakupelekwa shule,
nikapita.

Matokeo yalitoka Februari, usiku wa baridi.
Alikosa kwa robo.
Hakulia. Alikuja jikoni kuomba chumvi,
na chumvi ilikuwa mezani.
"Lilikuwa swali gani?"
"Noti ya rupia moja. Niliweka gavana."

Chapati ikaungua, na vidole vyangu nayo.

Aprili umri wake ukavuka ule uliochapwa kwenye fomu.
Vitabu vikapimwa na mnunua karatasi: kilo kumi na nne.
Akaja kunilipa deni la chakula, zikapungua noti kadhaa.
Akahesabu tena, midomo ikicheza.
Nikamwambia, liache wazi.

Ramani alinisahaulia, au aliniachia, sijui.
Nimefunikia nayo pipa la unga,
bahari imeshaingia mafuta.

Siku hizi natamka.
Mvulana mpya wa Supaul alikwama juzi kwenye swali la figo,
nikalirusha jibu juu ya plaiwudi, mkono ukiwa ndani ya sufuria.
Kimya.
"Nani amesema?"

Nikachochea dengu.
Limesemwa. Andikeni.