Sehemu ya Arobaini na Saba

Kaka yangu Hillar amesema majira sita ya baridi
ndani ya stoo ya viazi, mablanketi ukutani,
yeye na Ülo na kinasa sauti kimoja,
podikasti ya matufaha, basi, hakuna kingine.
Saaremaa nzima wamemsikia.
Hata muuza petroli wa Orissaare humwiga.
Mimi wa nyumba ya pili sijamsikia:
masikio yangu yalifungwa na homa nikiwa na miaka tisa
na hayajaniomba radhi hadi leo.

Mwaka huu Maarika, binti yake,
akailisha mashine sauti, mashine ikatapika maandishi.
Kurasa mia sita na ushei.
Akazifunga kwa kamba ya katani kama mzigo wa kuni,
akazitua mezani, akasema kwa vidole:
Shangazi, huyu hapa.

Mashine ina masikio, haina bustani.
Kila Hillar aliposema kupogoa
yenyewe iliandika kupagawa.
"Mwezi wa tatu ndio mwezi wa kupagawa,
kabla utomvu haujapanda.
Mti usiopagawa miaka miwili usiudai tunda."
Nilicheka hadi paka akahama kiti.
Nikashika kalamu nyekundu, nikasahihisha
mpaka ukurasa wa thelathini, kisha nikaiweka chini.
Nimeona miti yangu mwezi wa tatu. Mashine haikuwa mbali.

Halafu mkasi.
Maana mazungumzo hayafuati kazi:
wanaanza na kigaga cha majani,
katikati linaingia goti la Ülo,
kisha bei ya chumvi, kisha kigaga tena.
Nikakata. Goti nikaliweka kando.
Kabati la mbegu la marehemu mama lina droo kumi na mbili;
nikazipa miezi.
Aprili: kupandikiza, nta, kisu.
Septemba: namna ya kujua tunda limeiva bila kuling'ata.
(Hillar anasema tazama mbegu. Mimi nasema tazama nyigu.)
Oktoba imejaa, haifungi mpaka uisukume kwa nyonga.

Na zile "yaani" zake nilizitupa.
Yaani, eee, unajua, sijui nisemeje:
makapi, kapu zima, ya kuwashia jiko.
Yaliwaka vizuri.

Mpaka sehemu ya arobaini na saba.
Hapo "yaani" zilikuwa kumi na moja, zimefuatana
kama kuku wanaoogopa kuvuka barabara,
na ya kumi na mbili ikavuka:
"Yaani, dada yangu Leelo ndiye aliyenifundisha kushika kisu.
Sijawahi kumwambia."
Kisha, ndani ya mabano: kimya, sekunde tisa.
Kisha Ülo: "Haya, turudi kwenye kigaga."

Nilikimbilia jikoni kuokoa kapu.
Lilikuwa limebaki robo.

Nikaenda nyumba ya pili, ukurasa mkononi, bila koti.
Hillar akasoma. Akajikuna shingo.
Akaniambia, midomo polepole,
kama anavyonisemea tangu utotoni:
Mashine imekosea.
Nikamwambia: Mashine hukosea pogoa.
Jina langu imelipatia.

Akacheka.
Mashine ingeandika "kicheko" na kupita,
imefanya hivyo mara mia nne na zaidi,
utadhani vicheko vyote ni mayai ya trei moja.
Nikaomba kalamu. Pembeni mwa ukurasa nikaandika:
kicheko: mabega juu, jino la dhahabu nje,
macho chini kwenye viatu,
kofia imevuliwa ikarudishwa bila sababu.

Ukurasa huo uko droo ya Aprili,
pamoja na kisu.