Kiti Kwanza

Hapa Bukavu pikipiki tunaiita moto,
na mimi miaka sita nimeukalia moto kweli:
Panzi hadi Kavumu asubuhi,
Kavumu hadi Panzi jioni,
juu ya ile nyembamba aliyoniachia shemeji,
kiti chake kama ubao wa kukatia nyama.

Daktari alinipima akasema sina ugonjwa.
Nilikuwa na barabara.

Alfajiri, matope ya Essence,
lori la bia limelala njia nzima,
kisha lami, kisha mashimo yenye lami pembeni,
Mudaka siku ya soko, mbuzi hawapishi mtu,
Miti, ukungu, majani ya chai,
halafu wodi, na mzazi wa kwanza
anasubiri nimwambie apumue,
mimi mwenyewe nimejishika kiuno.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi,
na mgongo wa mwenzio vilevile.

Zamu yangu ya likelemba ilikuwa ya kumi na moja.
Nilipozipata zile dola
nikapanda Kadutu kwa Zihindula,
muuzaji mwenye pete tatu na kalamu sikioni.
Akanivutia nyekundu.
"Hii, mkunga, inakimbia. Sikia."
Ikabweka. Vijana wakageuka.
Nikamwambia: izime, nataka kukaa.
"Kukaa?"
Kukaa. Saa nzima. Wewe nenda ukale.

Alicheka hadi kalamu ikaanguka.
Watu hujaribu injini, akasema, hujaribu breki,
wengine huipiga gurudumu teke kama wamemkamata mwizi,
lakini kuketi! Kuketi nani hajui?

Dakika ya kumi na mbili nyekundu ikaniuma viganja:
usukani uko chini, mwili wote unaegemea mikono.
Dakika ya ishirini, magoti,
yamekunjwa kama ya mtu aliyejificha kabatini.
Nikashuka. Uzuri wake ukabaki palepale.

Nyeusi ilikuwa na kiti kipana, haki yake nampa,
ila kirefu kwenda juu;
vidole vya miguu vikatafuta ardhi na kuikosa,
na Panzi hatuna tambarare ya kukosea.

Ya tatu ilikuwa nyuma, imefunikwa gunia.
Kijivu. Tangi limenona, taa ya mviringo,
sura ya mjomba asiyependa kupigwa picha.
Usukani ukanifuata mikono ilipokuwa.
Nyayo zikavikuta vikanyagio bila kuuliza.
Nikajirusha kidogo: springi zikashuka,
zikapanda polepole,
kama mtu aliyeshusha pumzi akamaliza.

Zihindula alirudi, sambaza zinanukia vidoleni.
"Saa imekwisha, mkunga."
Nikamwambia bado.
"Ulikuwa umelala!"
Basi, andika risiti.

Alinihurumia, naona. Akasema hii haina mbio,
vijana wa Nyawera watakupita wakipiga honi.
Wapite.
Mimi sichelewi kwa sababu ya mbio,
nachelewa kwa sababu nashuka Miti kujinyoosha
mara mbili kwenda, mara tatu kurudi,
wauza ndizi wameshanizoea,
wananihesabia.

Jumatatu nikaenda na kurudi bila kushuka.
Mvua ilininyeshea Mudaka kote, kwa hiyo sisemi ilikuwa raha.
Muuza ndizi mmoja alisimama akanipungia,
labda alidhani nimemkasirikia.

Nyumbani nikaketi kizingitini,
nikainama,
nikafungua kamba za buti mwenyewe.
Miaka sita sikuwahi.
Nikainua kichwa: Nsimire,
binti yangu, ana miaka saba,
amesimama mbele yangu na kibeseni cha maji ya vuguvugu,
mikono yake haijui iende wapi.
Kazi hiyo ilikuwa yake. Alikuwa akivuta kwa nguvu,
akianguka nalo buti kifuani, akicheka.

Buti moja lilikuwa bado mguuni.
Nikaifunga kamba upya, fundo mara mbili,
nikaegemea mlango, nikaguna:
"Mwanangu, leo barabara ilikuwa mbaya."