Kasoro

Darasa la jioni, Mabatini, juu ya mashine ya kusaga.
Unga hupenya mbao za sakafu, ukatutia mvi kabla ya umri.
Ngazi tatu, chumba kimoja, chaki moja.
Mwalimu Nyanzobe kaandika neno: eksepti.
Kila mtu atunge sentensi.

Shija, wiki yake ya pili, mchuuzi wa dagaa Mwaloni,
alilitoa bichi, bado linapiga mkia:
"Samaki wote kufa, eksepti huyu."
Tukacheka, lakini samaki
tulimwona akihema pale mezani.

Mama Holo wa benchi la katikati
alilishika kwa kitambaa, kama sufuria ya moto:
"Wanangu wote wamesoma, eksepti Ngolo."
Kisha akatazama alichoandika.
Akalowesha kidole, akafuta jina,
akaacha pengo.
Pengo halikuwa na kosa la sarufi.

Lushinge, karani, mwandishi wa barua za ofisi,
alilitia ndani ya mistari minne
na hakuna aliyelisikia likipita,
limeparuliwa magamba, laini:
watu thelathini walikosa mshahara
baada ya koma.

Mimi nililijua getini, kiwanda cha minofu, Ilemela.
Tangazo jeupe, nami nasoma kwa kidole.
Nikadhani ni lile lingine, aksepti, la kukubaliwa.
Kulwa na Doto wa kinywa chetu:
mmoja anafungua, mmoja anabana komeo.
Nikaingia na buti zangu mpya.
Mlinzi alinigeuza kwa bega, taratibu,
kama mtu ageuzavyo ukurasa.

Kwetu tunasema ila,
na ila ni doa pia.
Tunasema kasoro, na kasoro ni kilema,
ingawa kwenye saa mbili kasoro robo
ile robo haijafukuzwa na mtu,
iko njiani tu,
inapanda kilima cha Bugando kwa pumzi fupi.

"Na wewe?" Chaki ikanielekea.
Nikasimama. "Watu wote wamefika."
"Neno liko wapi?"
"Nimeliacha getini, Mwalimu."

Chini, mashine ikazimika.
Akanikata alama mbili.
Sentensi hakuifuta.