Sekunde Tisa

Nilikuja na kompyuta mpakato na lugha ya ofisini:
maneno-msingi, viungo, kasi ya ukurasa.
Bi Leokadia Wrzos akanisogezea kigoda,
akapangusa mafuta vidoleni kwa kipande cha shati la marehemu mumewe,
akasema, "Sema polepole. Mimi ni fundi cherehani,
si fundi wa upepo."

Duka lake liko Bydgoszcz, mtaa unaoteremkia mto Brda,
ngazi nne chini ya barabara.
Ukikaa ndani unaona viatu tu vya wapita njia,
na theluji ikianguka huoni hata viatu.
Mtandaoni alikuwa chini zaidi.
Ukurasa wa tano. Huko ungeweza kumficha mwizi
hadi atubu mwenyewe.

"Kizuri chajiuza," alisema.
Nikamjibu: kikiwa dirishani, mama,
si kikiwa stoo.

Basi nikaandika. Fundi cherehani Bydgoszcz,
cherehani Bydgoszcz fundi bora,
ukitaka Bydgoszcz fundi wa cherehani, fundi ni huyu,
mara kumi na nne katika aya moja.
Akavaa miwani, akasoma kwa sauti,
akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.
"Nani anaongea hivi? Umemwandikia nani?"
Nikasema, mtambo wa kutafutia.
"Huo mtambo una suruali ya kupunguzwa?"

Takwimu zikamuunga mkono. Wachache waliobofya
walikaa sekunde tisa, wakaondoka
kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu.

Nikafuta yote. Nikamuuliza: wakipiga simu huuliza nini?
Akaanza kuhesabu, vidole vikaisha.
Kwa nini uzi unakatika kila nikifika kwenye pindo?
Kwa nini mshono unaruka kwenye jinzi, kwenye pamba umetulia?
Mbona chini panafanya kiota?

Hilo la kiota nililiacha kama lilivyo.
Ndilo watu walilokuwa wakiliandika usiku wa manane,
neno kwa neno, wasipate wa kuwajibu.

Akasema, nikaandika:
"Usiulaumu uzi wa chini.
Kinachovurugika chini kimekosewa juu.
Inua mguu wa cherehani, ndipo utunge uzi upya."
Nikakipiga picha kidole chake karibu na sindano,
na kovu lake, sikulifuta.

Jumanne moja ikaja barua pepe kutoka Suwałki,
kwa mzee Ignacy Dowgird.
*Cherehani ilikuwa ya mke wangu. Nimefanya ulivyosema.
Bado. Mjukuu anapokea komunyo ya kwanza Jumapili
na gauni halina pindo.*
Na picha moja, yenye giza, iliyotikisika.

Mimi nilikuwa na jibu la kunakili, tayari, lenye adabu.
Yeye akachukua lenzi,
akaitazama ile picha hadi chai ikapoa.
"Sindano ameiweka kinyume.
Upande bapa utazame nyuma. Mwandikie hivyo."
Kisha, nikiwa nimeshaanza:
"La. Anza na pole."

Mzee akaturuhusu tuweke swali lake na jibu lake hadharani.
Wakaja wengine, na sindano zao za kinyume,
na mashine za mama zao,
na mmoja aliyetaka tu kusema kwamba pole ile ilimliza.
Dakika sita walikaa. Wakaondoka, wakarudi.
Mwalimu wa ushonaji kule Toruń akatuwekea kiungo
bila kuombwa, bila kulipwa.
Machi tulikuwa wa kumi na tisa.
Juni, wa tatu.

Nilizishuka ngazi nne kwa hatua mbili. "Wa tatu!"
Alikuwa na simu sikioni,
akainua kiganja kuninyamazisha.
Upande wa pili, sijui mji gani,
mtu alikuwa akizungusha gurudumu la cherehani yake
karibu kabisa na simu:
tak, tak, tak, kisha mkwaruzo mdogo.

"Hapo," alisema, macho ameyafumba.
"Rudia hapo."