Ufa wa Kaskazini

Mimi huanzia chini. Wateja hutaka jiko,
hutaka kujua kabati la nguo lina kina gani.
Mimi nashika tochi, nashuka ngazi,
maana nyumba husema uongo kuanzia sebuleni kwenda juu;
huku chini, kando ya boila, haijajifunza.

Kwa dola laki moja hapa Duluth
unapata mteremko.
Unapata nyumba ya mbao iliyoinama
kama mlevi anayesikiliza umbea,
na njia ya gari ambayo Januari hukulazimu
kuegesha mtaa wa chini na kupanda kwa magoti.
Loretta Skaar, mjane, alinunua moja mwaka juzi.
Nilimwonyesha ukungu nyuma ya beseni,
nyaya za umeme za enzi za vita.
Aliniuliza jambo moja: mlango wa nyuma unafungika?
Ulifungika.
Akatia sahihi bila kuvua glavu.

Kwa laki mbili na nusu mji hukupa ziwa,
ila kipande:
ukisimama ukingoni mwa bafu,
ukashika bomba la pazia, ukapinda shingo,
unaona buluu kidogo kati ya kanisa na tangi la maji.
Tangazo litasema "mandhari ya ziwa".
Sijawahi kuandika kwamba ni uongo.
Nimesimama kwenye bafu hilo. Buluu ipo.

Kwa laki sita sina mengi ya kusema.
Unavua viatu, sakafu ina joto
kama kiti ambacho mtu ameondoka sasa hivi.
Friji inajua siku ya maziwa kuchacha.
Natoza ada ile ile.

Alhamisi iliyopita: laki tatu na kumi,
vyumba vitatu, paa jipya.
Wanunuzi Pahoua Xiong, muuguzi wa zamu ya usiku,
mumewe Tou, na mtoto mgongoni
aliyenitazama kama hakimu.
Anwani niliisoma mara mbili.
Baba aliinunua nyumba ile kwa elfu kumi na tisa,
kwa mshahara wa kupakia madini ya chuma melini,
na jioni ile, mama alisimulia, hakugusa chakula.

Nikashika tochi, nikashuka.
Ngazi ya tatu bado inalia.
Ukuta wa kaskazini umepakwa rangi
mara nyingi kuliko ukuta wowote usio na kosa.
Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta;
hawakumjua Eino Kettula.
Yeye aliuziba kila theluji ilipoyeyuka,
kwa rangi ya bei rahisi na mluzi,
nami, wa miaka saba, nikishika kopo,
nimeapishwa nisimwambie mama.
Walionunua kutoka kwetu nao wamepaka:
krimu yao juu ya nyeupe yetu.

Nikabonyeza kwa bisibisi.
Rangi ikavunjika kama ganda la yai.
Ulikuwepo. Sasa unameza kidole.
Nikaweka sarafu kando yake kwa kipimo,
nikapiga picha.

Juu, Pahoua alikuwa anasoma
alama za penseli kwenye mwimo wa mlango.
"Huyu A ni nani? Alikuwa mfupi mno."
Nikasema: alichelewa.
Kisha akauliza wanachouliza wote,
kama nyumba ni nzuri.
Fomu yangu haina kisanduku cha hilo.
Nikamwambia kuna ufa kaskazini,
kuutengeneza ni elfu kumi na nane,
wamtake muuzaji apunguze.
Tou akaanza kupiga hesabu kwenye simu.
Elfu kumi na nane!
Pungufu ya elfu moja tu, na baba angepata nyumba nzima.

Garini sikuwasha injini.
Nilijaza msingi, boila, mifereji, paa,
nikafika mwisho, penye "Maoni mengineyo",
ambapo kwa miaka ishirini na sita nimechora kistari.
Nikaandika:
Ngazi ya tatu inalia. Si hitilafu.